Kobe Alipokataa Kuwaka

Jumatatu moja ya Julai, saa kumi na mbili na robo asubuhi, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza, niliingia kwenye Volkswagen yangu hapa Buruburu nikazungusha ufunguo. Tak. Sauti moja kavu kutoka nyuma, kisha kimya. Nikarudia. Tak. Nikawasha taa kubwa, ukuta wa jirani ukawa mweupe pe. Nikabonyeza honi, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Umeme ulikuwepo, tena mwingi, lakini stata, ile mota inayozungusha injini ipate kuwaka, haikuzunguka hata nusu duara.

Watoto wa mtaani kwetu hulijua gari hili kwa jina la Kobe, nami nimelizoea, kwa hiyo mtaniwia radhi nikimtaja kama mtu. Ni VW 1300 ya mwaka 1972, rangi ya samli, injini nyuma, hana rejeta wala maji. Nilimnunua mwaka 2011 kwa mzee mmoja mstaafu wa Reli aliyekuwa akikaa Makongeni. Alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kisha akaniketisha nusu saa nzima kunieleza kwamba magari ya aina hii yalikuwemo miongoni mwa washindi mashindano ya magari ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, yakashinda tena 1954 na 1957, na kwamba mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda akiendesha gari kama hili hili. Alitaka nijue ninachopewa. Tangu siku hiyo Kobe ndiye anayenipeleka shuleni, ninakofundisha kemia, na sijawahi kutaka gari lingine.

Asubuhi ile vijana watatu waliokuwa wakielekea steji walinisaidia kumsukuma. "Mwalimu, weka ya pili!" mmoja akapaza sauti. Nikaweka gia ya pili, nikakanyaga klachi, mwendo ulipopatikana nikaiachia, na Kobe akanguruma palepale. Hilo peke yake lilikuwa jibu la maswali mengi, ila sikujua kulisoma. Gari likisukumwa likawaka mara moja, basi koili, pointi na plagi zinazotoa cheche, na kabureta inayoleta mafuta, havina kosa. Tatizo liko kwenye kuzungusha injini tu.

Wiki iliyofuata ilinichosha. Siku nyingine aliwaka kwa mguso mmoja kama gari la juzi. Siku nyingine tak. Siku nyingine stata ilizunguka kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa usingizini, ikakata. Mara mbili alinigomea adhuhuri, injini ikiwa ya moto, mara moja kwenye kituo cha mafuta cha Jogoo Road nikiwa na foleni ya matatu nyuma yangu. Ugonjwa unaokuja na kwenda ndio unaomtoa mtu pesa, maana kila dawa unayomeza inaonekana imefanya kazi kwa siku mbili.

Fundi wa kwanza alisikiliza ile tak mara moja akasema, "Hiyo ni betri, madam." Betri ilikuwa na miaka mitatu, nikakubali. Shilingi 9,800. Hakuipima. Aliichomoa, akaweka nyingine, Kobe akawaka, nikalipa.

Hapa nitapotoka kidogo, kwa sababu kilichofuata ni kikubwa kuliko stata. Kwenye gari hili betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Kiti chenyewe kina springi za chuma, na juu ya springi kuna matandiko ya nyuzi za makumbi ya nazi. Kobe wangu alikuwa na kifuniko kinachokaa juu ya betri, kilichotengenezwa kuzuia springi zisiguse chuma cha betri mtu mzito akiketi. Fundi aliweka betri iliyokuwa ndefu kwenda juu kuliko ile ya kwanza, kwa kama sentimita mbili, na kifuniko kilipokataa kuingia akakiacha karakana bila kuniambia.

Jumamosi nilikuwa nampeleka mama yangu kanisani. Ana miaka 74 na hupenda kukaa nyuma, upande wa kulia, apate kuongea nami vizuri. Tulipopita tuta kwenye Mumias South Road akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, kuna kamba inaungua." Nami nikaisikia harufu. Nilisimama papo hapo, nikamtoa mama kwanza, nikainua kiti kwa mikono miwili nikakitupa barabarani. Springi moja ilikuwa imegusa kichwa cha chanya cha betri na imegeuka nyekundu. Zile nyuzi za nazi zilikuwa zimeanza kufuka moshi, duara la makaa lenye ukubwa wa kikombe cha chai. Mwenye kibanda cha mboga alikuja mbio na ndoo ya maji. Mama alisimama kando akishika Biblia yake, hakusema neno, na mikono yangu haikuacha kutetemeka hadi jioni.

Ukiwa na VW ya aina hii, acha kusoma sasa hivi, nenda ukainue kiti cha nyuma uangalie juu ya betri yako pana nini. Kama hakuna kifuniko, kata kipande cha mpira mzito, hata wa zulia la gari, kifunike betri nzima, ukifunge kisisogee. Betri iwe ya kimo kinachofaa. Sina neno la upole la kusema juu ya fundi anayeondoa kitu cha usalama na kunyamaza.

Baada ya hapo nikaenda kwa fundi wa pili. Huyu alisema ni stata. Aliishusha, akabadilisha makaa, yaani brashi zile za ndani, akabadilisha na bushi, ile pete inayoshikilia mhimili wake, akaipaka grisi, akairudisha. Shilingi 6,500. Kwa haki, ile bushi ilikuwa imeisha kweli. Kobe akawaka vizuri siku nne. Siku ya tano, tak.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa Julai nilikuwa na betri mpya, stata iliyotengenezwa, kiti kilichoungua, na gari lilelile.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia niende Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nimtafute mzee mmoja wa umeme wa magari. Nilimkuta kwenye baraza nyembamba, dainamo na stata zimening'inia juu ya kichwa chake kama nyama buchani. Nikamweleza habari yote. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuna fundi mwingine aliyekuwa amelifanya, kisha akauliza:

"Umepima nini?"

"Mzee, nimebadilisha betri, nimetengeneza stata..."

"Hiyo ni kubadilisha. Nimeuliza umepima nini."

Sikuwa nimepima chochote. Mimi, ambaye kila muhula huwaambia watoto wa kidato cha pili kwamba jaribio bila kipimo ni hadithi.

Alichukua mita yake, ya kawaida tu, ile ya njano inayouzwa kila duka la umeme. Kwanza alichomoa waya mnene wa katikati ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, akaushikiza kwenye chuma cha injini, ili injini izunguke bila kuwaka. Akahakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Kisha akaweka ncha za mita kwenye vichwa viwili vya betri: volti 12.6, maana yake imejaa. Ingekuwa 12.2 ingekuwa nusu. "Sasa mwalimu, piga stata, usiachie mpaka niseme."

Stata ikajikokota kidogo, ikasimama, ikajikokota tena. "Achia."

Mita ilikuwa imesoma 11.5. Yeye akatabasamu, mimi sikuelewa. Betri iliyochoka, alinieleza, ikibebeshwa stata hushuka hadi chini ya 9.6 na taa za dashibodi hufifia. Hii haikushuka. Haikushuka kwa sababu haikuwa inafanya kazi. Kuna kitu kilikuwa kinauzuia umeme usipite, na betri ilikuwa imekaa tu, imeshiba.

Akahamisha ncha za mita. Moja kwenye kichwa cha chanya cha betri, ya pili akaingia chini ya gari upande wa gurudumu la nyuma la kulia, akaigusisha kwenye nati kubwa ya stata, ile yenye namba 30. "Piga." Volti 0.3. Akahama tena. Sasa ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye mwili wa stata, chuma kitupu. "Piga."

Volti 2.1.

"Haya," akasema kutoka chini ya gari. "Njoo uone mwenyewe."

Nataka kulieleza hili taratibu, maana ndilo lililonifanya niandike. Mita ya volti haikuonyeshi umeme ulioko mahali, inakuonyesha tofauti kati ya sehemu mbili. Kati ya ncha mbili za waya mzima, tofauti hiyo ni kama hakuna. Ukikuta volti 2 kati ya betri na kitu kinachopaswa kuwa kimeunganishwa nayo kwa chuma, basi zile volti 2 zinaliwa njiani, ni kama mpira wa maji uliokanyagwa. Stata ya Kobe ilikuwa inapokea volti 9 na ushei badala ya 11.5, na zilizopotea karibu zote zilipotelea upande wa hasi, upande ambao mafundi wote hapa huuita athi.

Na hapo ndipo tunapokosea karibu sote. Tukilitazama gari tunaona waya nyingi za kwenda: kwenda taa, kwenda honi, kwenda stata. Waya za kurudi hatuzioni, kwa sababu ni chache tu na fupi. Bodi yenyewe ndiyo waya wa kurudi. Betri imefungwa hasi yake kwenye chuma cha bodi, na kila kifaa hurudisha umeme kupitia chuma hicho. Nusu ya mfumo wa umeme wa gari ni mabati, bolti na kutu. Sasa fikiria injini na giaboksi. Vimening'inizwa juu ya mipira ili visitikise abiria, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kati ya injini na bodi pameachwa daraja moja tu, mkanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa, unaotoka mbele ya giaboksi hadi kwenye chuma cha bodi. Umeme wote wa stata, zaidi ya ampea 100, unatakiwa urudi kwa mkanda huo.

Nililala juu ya katoni, nikamulika tochi ya simu. Ilinichukua muda kuuona, maana ulikuwa na rangi ileile ya matope yaliyouzunguka. Mzee aliugusa kwa bisibisi, ukakatika nyuzi tatu, tena bila nguvu. Mkanda wenye upana wa vidole viwili ulikuwa umebaki na ushikamano wa upana wa njiti ya kiberiti. Upande wa bodi, chini ya bolti, palikuwa na unga wa kijani uliokauka, rangi ninayoijua vizuri kutoka maabara, shaba iliyokwisha kuungana na hewa na maji. Unga huo haupitishi umeme. Nilipokwangua kwa kucha, chini yake kulikuwa na rangi ya gari. Mtu fulani, miaka ya nyuma, alipaka chuma rangi kabla ya kufunga bolti.

Ndiyo maana taa na honi zilikuwa safi. Taa za mbele zinarudisha umeme wake kwenye bodi palepale mbele, hazipiti giaboksi kabisa. Na hata zingepita, taa mbili hutumia ampea chache tu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu: ukinzani wa omu 0.02, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuusoma, ukipitisha ampea 8 unakula volti 0.16, hakuna atakayegundua. Ukipitisha ampea 100 unakula volti 2, na stata inasinzia. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia "nimepima athi, iko sawa" baada ya kuwasha balbu ya majaribio. Uzi mmoja wa shaba unatosha kuwasha balbu. Athi hupimwa stata ikiwa inavuta.

Kisha mzee akaniuliza swali ambalo lilinifanya niketi. "Waya wa akselereta, umewahi kubadilisha?"

Nilikuwa nimebadilisha, mwezi wa Mei! Pedali ilikuwa imekuwa ngumu, waya ukitoka kwenye bomba lake kwa kukwama, na fundi aliyeubadilisha alishangaa kuukuta umegeuka rangi kama umepikwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mzee alieleza: umeme ukinyimwa daraja lake hutafuta njia nyingine ya kurudi, na kati ya injini na bodi ya Kobe kuna vyuma vingine viwili vinavyogusa pande zote, waya wa akselereta na waya wa klachi. Kila nilipopiga stata, sehemu ya zile ampea ilikuwa inarudi kwa waya mwembamba uliotengenezwa kuvuta kabureta, na ukawa unachemka. Ugonjwa ulikuwa umeshajitangaza miezi miwili kabla, na sote tuliuona, na tukabadilisha waya.

Marekebisho yenyewe hayana simulizi ndefu. Alifungua hasi ya betri kwanza, kama inavyopaswa siku zote. Akatoa mkanda, akakwangua chuma cha bodi na cha giaboksi kwa msasa mpaka vikameta, akafunga mkanda mpya kwa washa, pete za chuma zenye meno, na baada ya kukaza, si kabla, akapaka vaselini juu ili maji yasiingie. Mkanda shilingi 600, kazi 1,000. Tukapima tena. Kati ya hasi ya betri na mwili wa stata: 0.15. Betri yenyewe, stata ikizunguka: 10.3. Iko chini kuliko mwanzo, na hiyo ndiyo habari njema, maana sasa betri ilikuwa inatoa nguvu zake kweli. Kobe alizunguka kwa kasi ambayo sikumbuki kuisikia tangu nimnunue.

Na ile stata iliyokaa sawa siku nne? Wakati fundi wa pili alipokuwa chini akivutavuta, lazima aliutikisa ule mkanda, nyuzi chache zikagusana upya. Siku ya tano zikaachana.

Ningependa kusema yameishia hapo. Lakini wiki mbili baadaye, mchana wa jua kali, injini ikiwa ya moto, nikasikia tena tak. Safari hii sikwenda kwa mtu. Nilikuwa nimenunua mita yangu, shilingi 1,200, na nilikuwa na mtoto wa jirani, yuko kidato cha tatu, wa kunizungushia ufunguo. Athi: 0.15, nzima. Chanya: 0.3, nzima. Basi nikapima ile pini ndogo ya stata yenye namba 50, inayoleta amri kutoka kwenye ufunguo. Volti 8 tu.

Namba hizi, kwa faida ya asiyezijua, ni za kawaida ya Kijerumani na zimeandikwa kwenye vifaa vyenyewe. 30 ni umeme wa betri wa wakati wote, 15 ni umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, 50 ni amri ya stata, 31 ni athi. Na kwenye gari ambalo waya zake hazijachezewa, nyekundu huwa ya betri, nyeusi ya ufunguo, kahawia ya athi. Ukizikariri hizo umeshajua nusu ya mchoro wa umeme wa VW.

Amri ya 50 inasafiri mbali. Umeme unatoka nyuma, unakwenda hadi mbele kwenye swichi ya ufunguo, unapita viungio vya shaba vilivyotumika tangu 1972, kisha unarudi nyuma kote hadi kwenye stata. Kila kiungio kinauma kidogo. Injini ikiwa baridi, solenoidi ya stata, yaani sumaku ya umeme inayoiamsha, huridhika na kinachofika. Ikipata joto, ukinzani wa koili yake hupanda, na kile kilichofika hakitoshi tena. Nimeweka relei ya kawaida, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, kama zile za honi, karibu na stata. Ule waya mrefu sasa unaamuru relei tu, na relei inachukua umeme mnene moja kwa moja kutoka 30 na kuupeleka 50. Shilingi 450 na mchana mmoja wa Jumamosi. Hajagoma tena akiwa wa moto.

Fyuzi nazo nilizisafisha siku hiyo hiyo. Ni za mtindo wa zamani, zenye umbo la risasi, zimeshikwa na vibanzi vya chuma pande mbili. Taa ya breki ikikataa, kabla ya lolote zungusha kila fyuzi kwa vidole mahali pake. Mara nyingi inarudi.

Kuna jambo moja la chaji ambalo wenye magari haya katika foleni za Nairobi tunapaswa kulielewa. Kobe huchaji betri kwa dainamo, mashine ya mtindo wa zamani, si alteneta kama magari ya siku hizi. Injini ikiwa inapumua tu bila kukanyagwa mafuta, dainamo haitoi cha maana. Ukikaa saa nzima Jogoo Road usiku wa mvua, taa zote zimewaka na waipa zinakwenda, unakula betri huku injini inaunguruma. Nikisimama kwa muda mrefu mimi huzima taa kubwa na kubakiza ndogo. Injini ikikanyagwa mafuta, napenda kuona kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri.

Lakini taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla ukiwa mwendoni, hilo ni jambo jingine kabisa. Mkanda wa feni unaozungusha dainamo ndio huo huo unaozungusha feni ya kupoza injini. Mkanda ukikatika, unapoteza chaji na unapoteza hewa ya kupoza kwa pigo moja, na injini isiyo na maji haina akiba ya subira. Egesha mara moja, zima, fungua boneti ya nyuma uangalie mkanda kabla ya kwenda hata mita mia moja zaidi. Ninabeba mkanda wa akiba na spana yake chini ya kiti changu, na mama anajua vilipo.

Sasa imebaki honi. Tangu wiki iliyopita nikikata kona ya kushoto inalia yenyewe, pale mzunguko wa City Stadium watu wananigeukia kwa hasira wakidhani ninawahimiza. Kwenye gari hili honi inao umeme tayari ufunguo ukiwashwa, na kinachokatwa na kuunganishwa na kitufe cha usukani ni athi yake, inayopita kwenye nguzo ya usukani na kuvuka kiungio cha mpira kwa kipande cha waya. Nashuku waya huo umechunika na unagusa chuma usukani ukizungushwa. Jumamosi nitalala tena juu ya katoni, sasa upande wa mbele, na yule kijana wa kidato cha tatu ameshaniambia atakuja na mita ya kwake.